Poka ya simu au poka ya mezani: mke wangu anataka nichague moja

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, mzaliwa wa Voi. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa Jersey City, New Jersey, naishi na mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitano. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee kwenye makao yao, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi.

Jambo langu ni poka. Sisemi ile poka ya mtaani kwetu ya kutupa kadi mpaka mtu atangaze "niko kadi". Nasema hii ya Wamarekani, Texas Hold'em, ambapo kila mchezaji anapewa kadi mbili za siri, tano zinawekwa wazi katikati, na watu wanashindana kwa dau. Nilifundishwa na mwenzangu wa kazini, Mfilipino, nyumbani kwake, dola 20 kila mtu na wali wa kukaanga juu. Baadaye tukaanza kwenda Atlantic City, kwenye kasino ya Borgata, mara moja au mbili kwa mwezi. Kwa gari ni kama saa mbili. Naketi na watu nane nisiowajua, nazungumza, nacheka, nakunywa soda, narudi alfajiri.

Mwaka juzi wakati wa baridi kali nikaweka programu kwenye simu na laptopu. Hapa jimboni ni halali. Basi nikitoka kazini nampeleka mtoto shule, mke wangu ameshaondoka, naegemeza simu kwenye chupa ya chai, nafungua laptopu na kucheza meza nne kwa pamoja, zile ambazo dau la lazima la kuanzia ni senti 50 na dola 1. Kila meza naweka dola 100. Nacheza kama saa tatu hivi, siku nne kwa wiki, halafu nalala. Kwa jumla naona niko sawa tu, sijapoteza wala sijapata kwa maana.

Mwezi uliopita kuna kitu kilinishtua. Nilikuwa na wafalme wawili kwenye meza ya tatu, nikafuata dau mpaka mwisho, dola zote 100 zikaenda. Niliporudi kutazama ule mgao nikakuta wafalme walikuwa meza ya pili. Meza ya tatu nilikuwa na saba na nne. Nilikuwa nimesinzia macho wazi. Ijumaa hiyo nikamwambia mama huko Voi kwamba fedha zake zimechelewa kwa sababu ya hitilafu ya mtandao.

Mke wangu hajui hilo la mama, lakini anajua nacheza. Amesema nichague: ama niende kasino mara moja kwa mwezi ajue nimeenda, ama nichezee nyumbani, lakini si yote mawili. Mimi naelekea nyumbani. Hakuna petroli, hakuna ada za barabarani, niko karibu na familia, na nimesoma kwamba Chris Moneymaker alianzia mtandaoni akaishia kuwa bingwa wa dunia. Lakini mezani naona nyuso za watu, na kusema kweli ndipo ninapofurahi.

Rafiki mmoja wa hapa naye ananivuta kwenye klabu ya simu ambapo wakala anakupa salio na mnamalizana kwa fedha taslimu kila Jumapili. Anasema ada yao ni ndogo na wachezaji ni wanyonge.

Mjomba, ni wapi nina nafasi bora ya kushinda? Ni wapi hawaniibii? Na hiyo klabu unaionaje?

Mfanyakazi wa Usiku, Jersey City

*

Marahaba mpwa wangu.

Chagua meza ya Atlantic City, mara moja kwa mwezi, na ile programu uifunge wiki hii. Mengine yote ninayoandika hapa ni sababu zake.

Anza na mwendo. Mgawaji kadi wa kasino, hata awe na vidole vyepesi kiasi gani, anagawa mara 25 hadi 30 kwa saa. Lazima achanganye kadi, asubiri watu wafikiri, ahesabu sarafu za kasino, zile zinazochezewa badala ya fedha, amsukumie mshindi. Mtandaoni meza moja inakupa migao 60 hadi 80 kwa saa, na wewe unafungua nne. Tuseme 70 kwa kila meza: hiyo ni migao 280 kwa saa moja. Usiku mzima wa saa nane pale Borgata ni migao kama 224. Kwa hiyo saa moja ya jikoni kwako, simu ikiwa imeegemea chupa ya chai, ni zaidi ya usiku mzima wa kasino. Na wewe unakaa saa tatu, siku nne kwa wiki.

Ndiyo maana ya mezani inachosha na ya simu inanasa. Ree mbili mkononi huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Mezani utazisubiri usiku kucha, pengine usizione. Kwenye laptopu zinakuja karibu kila saa, na moyo unaruka kila zinapokuja. Mkono hauna muda wa kupumzika.

Sasa tufanye hesabu, na hii ni ya mfano tu maana sijui uchezaji wako. Chukua kwamba udhaifu wako mdogo mdogo, kufuata dau ambalo ungepaswa kuliacha, kuchoka, kubofya vibaya, unakugharimu senti 20 kwa kila mgao. Kwa saa ni dola 56. Kwa asubuhi moja ni 168. Kwa asubuhi 16 za mwezi ni dola 2,688. Chukua sasa udhaifu uleule kwenye meza ndogo ya kasino, ile ya dola 1 na 3, ambako dau ni mara tatu ya lako, kwa hiyo kosa nalo lizidishe mara tatu: senti 60 kwa migao 224 ni kama dola 134. Dau la kasino linaonekana kubwa, la simu linaonekana dogo, lakini idadi ya migao imegeuza picha yote. Ungekuwa unacheza kwa faida, mwendo huohuo ungekuwa rafiki yako, na ndiyo maana wanaoishi kwa mchezo huu wanafungua meza nyingi. Wao wameamka, wamekula, na wana daftari.

Wewe umeniambia "naona niko sawa tu". Hayo maneno nimeyasikia mara nyingi mno, na niliwahi kuyasema mimi mwenyewe. Niliishi Newark miaka yangu ya kwanza huku, tukawa tunapanda yale mabasi ya kasino ya kwenda Atlantic City, unashuka unapewa hati ya kurudishiwa dola chache za kuchezea. Nilijiona niko sawa kwa mwaka mzima. Siku nilipokaa na kuandika kila safari niliyoikumbuka, nikakuta kodi ya nyumba ya miezi mitatu haionekani. Zilikuwa safari 20 na kitu tu. Wewe una mamia ya asubuhi nyuma yako.

Bahati nzuri hesabu yako ipo tayari, haihitaji kukumbuka. Kampuni yenye leseni ya New Jersey inakutunzia historia ya kila dola uliyoweka na uliyotoa. Ingia kwenye akaunti, tafuta rekodi ya miamala, jumlisha ulizoweka tangu mwanzo, toa ulizotoa, toa salio lililomo. Fanya hivyo kabla hujalala leo.

Kuhusu ushindi. Sehemu zote mbili nyumba inakula kwanza. Kasino nyingi hukata sehemu ya kumi ya dau la katikati mpaka kikomo cha kama dola 5, wakati mwingine na dola nyingine ya mfuko wa zawadi, na ukishinda unampa mgawaji dola 1. Mtandaoni hukatwa karibu asilimia 5, na kikomo chake ni kidogo zaidi. Kwa hiyo ukihesabu kwa mgao mmoja, simu ni rahisi. Lakini ukaaji wa mezani una bei yake pia: migao 30 kwa saa, kila mmoja ukikatwa wastani wa dola 4, ni dola 120 zinazotoka mezani kila saa, na mko tisa. Kila mmoja wenu analipa kama dola 13 kwa saa ili tu aketi. Ongeza petroli na ada za Garden State Parkway. Sikufichi: wengi wanaokwenda pale wanarudi na pungufu, na wewe jihesabu miongoni mwao mpaka daftari liseme vingine.

Kinachotofautisha ni watu. Usiku wa Ijumaa kasino, watu walio kwenye meza yako wamekuja kustarehe. Kuna anayesherehekea siku ya kuzaliwa, kuna aliyemsubiri mkewe atoke kwenye mashine, kuna mzee aliyestaafu. Wanafuata dau kwa udadisi. Mtandaoni, saa tatu asubuhi siku ya kazi, nani anacheza senti 50 na dola 1 kwenye meza nne? Ni yule anayeifanya kazi, ana rekodi ya jinsi unavyocheza wewe, anajua unapochoka. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na Facebook walitengeneza programu iitwayo Pluribus, ikawashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Kampuni zenye leseni zinakataza msaada wa kompyuta katikati ya mchezo na zinawasaka wanaoutumia, lakini kazi hiyo haiishi. Mezani pale, kadi zikishagawiwa, hakuna wa kumuuliza.

Halafu kuna hilo ulilolipitia haraka, kwamba mezani ndipo unapofurahi. Mimi naliweka mbele. Kipaji ulicho nacho ni cha kusoma watu, na unakitumia kila usiku kazini ukimtazama mzee ambaye hawezi kusema wapi panamuuma. Nakumbuka dereva mmoja wa basi aliyestaafu, aliketi kushoto kwangu, kimya tangu jioni. Akasukuma sarafu zake mbele na vidole vikawa vinamtetemeka hadi zikagongana. Nikadhani ni woga, nikamfuata. Akalaza kadi zake: ukijumlisha na za katikati, kopa tano. Mikono ya mtu mwenye kadi kubwa ndiyo hutetemeka, na nimelijua hilo kwa kukaa naye bega kwa bega. Kwenye skrini dereva yule angekuwa jina na picha ya paka.

Wizi upo pande zote mbili, usidanganywe. Pale pale Borgata, Januari 2014, shindano kubwa lilisimamishwa wakiwa wamebaki wachezaji 27, kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameingiza sarafu bandia. Alipoona mambo yanamwendea kombo akazimwaga chooni kwenye hoteli nyingine mjini humo, mabomba yakaziba, akakamatwa. Mtandaoni, mwaka 2007 na 2008, ilibainika kwamba kwenye tovuti mbili, Absolute Poker na UltimateBet, kulikuwa na akaunti zilizoweza kuona kadi za siri za wengine. Waliogundua ni wachezaji wenyewe, kwa kuchambua migao mmoja mmoja. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilipozifunga tovuti kubwa kwa Wamarekani, ikaonekana kwamba mojawapo, Full Tilt, haikuwa na fedha za kuwalipa wateja wake. Wamarekani waliokuwa na salio humo walianza kulipwa mwaka 2014.

New Jersey iliruhusu mchezo huu mtandaoni Novemba 2013, ikiwa na sheria zake: lazima uwe na miaka 21, uwe ndani ya jimbo kweli, utambulisho wako uhakikiwe, na mamlaka ya jimbo ipo ya kupokea malalamiko. Kwa hiyo programu uliyo nayo, kama ina leseni ya jimbo, sina shaka nayo kwa upande wa wizi. Shaka yangu ni saa unayoicheza na idadi ya meza.

Klabu ya rafiki yako, hapana. Wakala anayekupa salio la mkopo na kukusanya taslimu Jumapili hana leseni wala mtu wa kumsimamia. Wawili wakikaa chumba kimoja wakaambiana kadi zao, utamlalamikia nani? Wakala akizima simu? Na hao "wachezaji wanyonge", jiulize kama na wao hawajaambiwa hivyohivyo kukuhusu wewe. Tena wewe ni mgeni nchini, na sheria ya uhamiaji inapohesabu wasiokuwa na tabia njema, jambo linaloangaliwa ukiomba uraia, inawataja wazi wale ambao kipato chao kikubwa kinatokana na kamari haramu. Wewe hujafika huko na sitaki ukaribie. Mjibu rafiki yako kwa adabu kwamba umeacha.

Moneymaker ni kweli. Alikuwa mhasibu wa Tennessee, akaingia kwenye mchujo wa mtandaoni kwa dola 86, akapata nafasi ya shindano la dola 10,000 kule Las Vegas, na mwaka 2003 akashinda dola milioni 2.5. Walikuwa 839 kwenye shindano lile. Habari za wale 838 hazikuletwa na matangazo, na hatujui ni wangapi waliingia mchujo kwa dola 86 wakarudi kulala.

Nije kwenye usingizi na mama. Umefanya kazi kwa muda wa saa nane usiku kucha, umegeuza wazee vitandani, umepeleka mtoto shule, ndipo unaketi na dola 400 kwenye skrini nne. Ungemruhusu mwenzako aliye katika hali hiyo agawe dawa? Zile saba na nne ulizoziona kuwa wafalme ni mwili wako ulikuwa unakueleza. Na usiku unaofuata unaenda tena kuwanyanyua wazee ukiwa umelala saa chache.

La mama ndilo lililonifanya nisiseme "punguza meza ziwe moja". Mtu anayecheza kwa starehe hamwambii mama yake kwamba mtandao umeharibika. Ulipochukua fedha yenye mwenyewe na kuifunika kwa uongo, mchezo ulikuwa umeshavuka mstari, na ni vizuri ulivyoliandika bila kulazimishwa. Mtumie mama fedha zake kwanza, zote, wiki hii. Kisha mwambie mkeo, jioni moja mtoto akilala, ukiwa na ile jumla ya miamala mkononi. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, usianze kumwelezea habari za bahati mbaya. Amekupa nafasi ya kuchagua wakati wengi wangefunga mlango, na anastahili kuchagua pamoja nawe akiwa na namba kamili.

Baada ya hapo toa salio lote na uifunge akaunti. Programu zenye leseni zina kitufe cha kujisimamisha kwa si chini ya saa 72, na zina vikomo vya kuweka fedha kwa siku, wiki na mwezi, lakini kwako ningekwenda mbali zaidi: jimbo lina orodha ya kujizuia kucheza mtandaoni kwa mwaka 1 au miaka 5. Unajiandikisha mwenyewe, na kampuni zote za jimbo zinalazimika kukukataa. Chukua mwaka mmoja. Ukiona mkono unatafuta simu asubuhi na moyo hautulii, piga 1-800-GAMBLER. Ni namba ya msaada iliyoanzia hapohapo New Jersey.

Ile safari ya mwezi, ifanye siku ambayo hukufanya kazi usiku uliotangulia. Nenda na Mfilipino wako, dola 200 taslimu kwenye bahasha, kadi ya benki ibaki kwa mkeo. Zikiisha saa ya kwanza, nenda ukatembee kwenye njia ya mbao ufukweni umsubiri mwenzako, bahari ni ya bure. Weka daftari dogo kwenye gari: tarehe, ulichoingia nacho, ulichotoka nacho, petroli. Na kama siku moja utashindwa kuiacha kadi ya benki nyumbani, hiyo safari nayo ivunje, ujiandikishe upande wa kasino pia.

Ningemjibu tofauti mtu mwingine. Mwalimu wa kule Sussex aliye mbali na Atlantic City, anayecheza Jumamosi mchana meza moja ya senti 1 na 2 kwa dola 2, ningemwambia abaki na simu yake, kwa sababu hakuna shule ya poka iliyo rahisi kuliko hiyo. Na wewe uliwahi kuwa na shule nzuri zaidi: dola 20, wali wa kukaanga, na watu unaowajua. Muulize Mfilipino kama bado wanacheza. Mkeo akikubali, nendeni wote wawili.

Ukishapata ile jumla ya miamala, niandikie, hata kama hutaki niichapishe.

Mjomba wako